Namba Kumi wa Kawaida, Ngome Imara: Namna ya Kupata Pointi Tatu

Ekipe nyingi za kartie hapa Goma, kuanzia Majengo hadi Ndosho, zina sura moja. Nyuma kuna mabeki wawili warefu wasioogopa mtu, mbele yao namba sita, kiungo mkabaji anayepora mipira tangu filimbi ya kwanza, golini kipa mwenye mikono. Halafu kuna namba kumi, kiungo wa kupanga mashambulizi, ambaye, tukisema ukweli, anajitahidi tu. Si mbovu. Pasi ya mita kumi anaifikisha, ila akibanwa mgongoni mpira unamtoka.

Makocha wakimkuta mtu wa aina hii, wengine huanza kumtafuta mbadala katikati ya michuano, na wengine humpigia kelele acheze kama wale wa televisheni. Njia zote mbili zinakula muda. Mtu huyo huyo atakupa ushindi ikiwa walio nyuma yake watamaliza kazi ngumu kabla mpira haujamfikia.

Mpime kabla ya kumpangia kazi

Okota mawe mawili ya volkano, Goma hayakosekani, uyaweke kama mlango. Kwa pasi ya mita 10 mlango uwe wa mita 2, kwa mita 20 uwe wa mita 3, kwa mita 30 uwe wa mita 4. Apige mipira kumi kila umbali kwa mguu wake mzuri, kisha kumi kwa ule mwingine. Rudia zoezi zima ukiwa umemweka mkabaji mita 3 nyuma yake, anayeanza kukimbia pale tu mpira unapotoka kwa mtoaji. Andika kila matokeo. Kichwa cha kocha kinakumbuka pasi nzuri na kusahau mbaya.

Akipitisha 8 kati ya 10, umbali huo ni wake. Akipitisha 6 au 7, ni wa dharura. Chini ya hapo, umbali huo haumo katika mechi yako. Utakachokuta mara nyingi ni kwamba bila mkabaji anafika mita 20 bila shida, na akiwa na mkabaji anashuka hadi mita 10 na mguu mmoja tu. Basi mpango wote unafuata hapo: apokee mpira bila mtu mgongoni, kwenye mguu wake mzuri, na pasi anayotakiwa kutoa isizidi mita 15.

Namba au kifua

Namba kumi hodari hutazama watu wanne au watano kabla ya kugusa mpira. Wa kawaida akijaribu hivyo anachelewa. Mpe kitu kimoja cha kutazama: beki wa pembeni wa wapinzani, upande ule mpira unakoelekea. Akiona namba ya jezi mgongoni mwa beki huyo, maana yake beki amegeuka au anakimbilia golini kwake, basi pasi iende mbele kwa winga. Akiona kifua, mpira urudi kwa namba sita au namba nane, yule kiungo mwingine wa kati, haraka. Hakuna chaguo la tatu.

Zoezi lake ni jepesi. Mtu asimame mita 12 mbele akiigiza beki. Mpira ukiwa njiani, ageuke au abaki kifua mbele. Namba kumi ana miguso miwili tu: wa kwanza kutuliza, wa pili kutoa. Akigusa mara ya tatu, simamisha na muanze upya. Dakika tano, mapumziko mafupi, mara tatu kwa siku ya mazoezi, zinatosha. Mkazie pia asimame ubavu, bega moja likielekea goli la wapinzani. Akipokea akiwa amelipa goli hilo kisogo, hataona namba wala kifua.

Kazi yenyewe iko nyuma yake

Hapa ndipo timu nyingi zinapokosea. Mabeki hodari wanashinda mpira wa kichwa, wanaupiga mbali, wanapongezana, na sekunde tatu baadaye mpira umerudi. Kichwa cha kwanza hakina faida ikiwa hakuna aliyejipanga kupokea unapoangukia. Kwenye viwanja vya changarawe nyeusi jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu ardhi ni ngumu, mpira unadunda juu na kwenda upande usioutarajia. Pasi ndefu ya chini inagonga kijiwe na kuruka gotini kwa mtu. Ndiyo maana anayejipanga vizuri kuzunguka mahali pa kuangukia anapata mipira mingi kuliko mwenye ufundi.

Jipange hivi. Kila mpira wa juu unaogombewa uzungukwe na watu watatu. Namba sita awe mita 8 nyuma ya wanaoruka, upande wa goli lenu. Namba nane awe pembeni, kwenye upande uliosongamana. Namba kumi awe upande wa wazi, mita 6 hadi 8 kutoka kwenye msongamano, ubavu, akisubiri. Yeye haruki kamwe. Namba sita au nane akiunasa mpira, pasi yake ya kwanza ampe yeye kwenye mguu wake mzuri, hata kama kuna mwingine anayepiga kelele aupate. Hapo anapokea akitazama mbele, na wakabaji wote bado wako kwenye vumbi la wale walioruka. Ana sekunde moja na nusu ya amani. Kwa mtu wa miguso miwili inatosha.

Pembetatu hii haisimami ikiwa timu imetanuka. Kutoka beki wa mwisho hadi mshambuliaji wa mbele kusiwe na zaidi ya mita 35. Mpira ukiondoka kichwani mwa beki, safu nzima ipande, na beki wa kati ndiye anayetoa sauti: «Panda!» Asiposikika, mabeki hubaki kwenye kumi na nane yao, namba sita anashuka kuwafuata, na namba kumi anabaki peke yake katikati ya watu wanne. Watazamaji watasema namba kumi ndiye tatizo. Angalia kwanza mabeki wamesimama wapi.

Mpira wa goli uchezwe kwa shabaha ileile. Kipa aulize kabla ya mechi ni beki yupi wa pembeni wa wapinzani aliye mfupi, na amlenge huyo. Mshambuliaji aende kuruka upande huo, pembetatu ihamie huko. Sheria inasaidia kidogo: anayepokea mpira wa goli moja kwa moja hahesabiwi kuotea. Lakini wengi husahau nusu ya pili. Mshambuliaji akiuparaza mpira kwa kichwa kumpelekea winga, kuotea kunahesabiwa kuanzia mguso huo wa kichwa. Winga aliyekuwa amejikalia nyuma ya mabeki anapulizwa filimbi, na ni halali. Aanzie usawa wa beki wa mwisho, akimbie mpira ukishaguswa.

Mipira iliyosimama

Timu yenye watu warefu na namba kumi wa kawaida inapaswa kuipenda kona kuliko mashambulizi ya kupanga. Tarehe 2 Februari 2024 mjini Abidjan, kwenye robo fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, Kongo ilitangulia kufungwa na Guinea, kisha Kongo hiyohiyo ikashinda 3-1. Chancel Mbemba, beki wa kati, alisawazisha kwa mpira uliotokana na kona, Yoane Wissa akafunga penalti, Arthur Masuaku akamalizia kwa mpira wa adhabu. Hakuna hata bao moja kati ya hayo matatu lililomhitaji fundi wa kuwapita watu watano. Ugiriki ilitwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2004 kwa njia inayofanana: robo fainali, nusu fainali na fainali, zote 1-0, zote kwa vichwa.

Mpigaji wa kona asichaguliwe kwa namba ya jezi. Weka watu watatu, kila mmoja apige kona kumi, na uhesabu mipira inayoangukia kati ya mstari wa mita 5.5 na nukta ya penalti, mbele ya goli. Mwenye nyingi ndiye mpigaji, hata akiwa beki wa pembeni. Kosa kubwa kuliko yote ni mpira usiovuka mkabaji wa kwanza. Ukipita juu kabisa bado mtaugombea upande wa pili.

Ndani ya boksi waingie watano. Beki mrefu wa kwanza aanzie kwenye mstari wa mita 16.5 na akimbilie nguzo ya karibu. Beki wa pili aanzie nyuma ya nukta ya penalti, asubiri hatua mbili za mwenzake, kisha aende nguzo ya mbali. Hatua hizo mbili ndizo siri: wakiondoka pamoja, mabeki wa wapinzani wanawafuata pamoja. Mshambuliaji asimame karibu na kipa, lakini akimzuia kusogea refa atapuliza, kwa hiyo asimame tu, mikono chini. Wengine wawili wagombee katikati. Namba kumi na namba sita wakae nje ya boksi, kwenye tao, kwa ajili ya mpira utakaotolewa. Namba kumi asipige shuti ikiwa mpira unadunda juu ya goti. Aurudishe pembeni kwa aliyepiga kona. Mabeki wawili wa pembeni, au wenye mbio kuliko wote, wabaki nusu ya uwanja. Bao la kaunta baada ya kona yenu wenyewe linauma kuliko lolote.

Kwa mpira wa adhabu kumbukeni jambo dogo linalowapokonya watu mabao: ukuta wa wapinzani ukiwa na watu watatu au zaidi, mchezaji wenu hana ruhusa ya kusimama chini ya mita 1 kutoka ukuta huo. Mipira ya kurusha nayo haina kuotea kwa anayepokea moja kwa moja. Beki mwenye mikono mirefu anayerusha hadi nguzo ya karibu anakupa kona bila kona. Mfundishe dakika kumi baada ya mazoezi, miguu yote miwili chini, mikono yote miwili nyuma ya kichwa.

Vinavyoharibu

Mpira wenyewe, kwanza. Sheria inaruhusu shinikizo la hewa kati ya atmosfia 0.6 na 1.1. Kwenye changarawe, mazoezini na kwenye mechi za kirafiki, kaa karibu na 0.6 au 0.7. Mpira uliojazwa hadi uwe kama jiwe unamruka namba kumi wako kwenye mguso wa kwanza, na wewe utadhani hajui kutuliza.

Kadi. Mabeki wenye nguvu hupenda kuteleza chini. Kwenye mawe yetu wanachunika paja, wanafika wamechelewa, wanapata njano dakika ya 20, na kuanzia hapo ngome yako inacheza kwa woga. Wabaki wima, wamsukume mpinzani kuelekea mstari wa pembeni, wasubiri mguso wake mbaya. Kwenye uwanja huu utakuja tu.

Baada ya mechi mbili tatu wapinzani watagundua mchezo wenu na kumpa namba kumi mlinzi wa kumfuata kila mahali. Hiyo ni habari njema, ila namba kumi mwenyewe ataiona kama fedheha na kuanza kujitafutia mpira katikati. Mwambie aende zake pembeni kabisa, kwenye chaki, na asimame. Mlinzi wake atamfuata na kuacha shimo katikati, na namba nane aingie hapo mpira unapoanguka baada ya kichwa cha kwanza. Namba kumi anaweza kumaliza nusu nzima akiwa amegusa mpira mara sita na akawa amefanya kazi kubwa. Lazima umwambie hivyo mbele ya wenzake, la sivyo dakika ya 60 atajaribu chenga.

Jambo la mwisho ni dakika ya 80 mkiongoza kwa bao moja. Makocha wengi humtoa namba kumi na kuingiza beki wa tano. Matokeo yake kila mpira unaoondolewa unarudi, kwa sababu hakuna mtu upande ule wa wazi. Mwache uwanjani, mtoe winga aliyechoka na uingize mkimbiaji mwenye mapafu. Namba kumi naye mpe agizo jipya: pasi ya mbele imekwisha, mpira wowote anaoupata aupeleke kona ya wapinzani, auweke kati ya mwili wake na mstari, na asubiri kupigiwa faulo au kupata mpira wa kurusha. Mrushaji achukue muda wake kuufuta mpira kwa jezi, bila kupitiliza, maana refa naye ana saa.