Kabla hujapanda boti kuja kuchanjwa Korona

Mimi ni muuguzi hapa Lamu. Mzee mmoja kutoka kisiwa cha Pate alikaa mbele yangu, akakunja mkono wa kanzu, na kila nililomuuliza akajibu hapana. Una presha, mzee wangu? Hapana. Kuna dawa unayotumia? Hapana. Nilikuwa nimeshashika pamba ndipo mkaza mwanawe, aliyekuwa amesimama kimya nyuma yake, akaweka kikapu cha ukili mezani na kutoa paketi tatu za vidonge. Mbili zilikuwa za presha. Ya tatu ilikuwa dawa ya kuzuia damu isigande.

Mzee yule hakuwa mwongo. Aliogopa kwamba akitaja maradhi atarudishwa, na nauli ameshalipa. Alichanjwa siku ileile. Kilichobadilika ni kwamba tulichagua sindano nyembamba, kisha nikabana pamba pale pale bila kusugua mpaka nilipohakikisha damu imekata. Kama kile kikapu kingebaki chini, angerudi Pate na mkono uliovimba na kuwa mweusi, na mtaa mzima ungesema ni chanjo.

Kwa hiyo neno langu la kwanza kwa wagonjwa wetu ni hili: njoo na dawa zako zote, zenyewe, si majina yake. Majina husahaulika, na "kile kidonge cheupe kidogo" kinaweza kuwa dawa ishirini tofauti. Na usifiche maradhi. Ugonjwa unaouficha mara nyingi ndio unaokuweka mbele ya foleni: Shirika la Afya Duniani linahimiza chanjo hii kwanza kwa wazee, wenye sukari, presha au moyo, wenye kinga dhaifu wakiwemo wanaoishi na virusi vya Ukimwi, wajawazito, na wahudumu wa afya. Kama kuna jambo hutaki lisikike na waliokaa karibu, sema tu "nataka tuzungumze faragha". Hiyo ni haki yako, hatuulizi kwa nini.

Wengine wananiuliza kama bado kuna haja. Mgonjwa wa kwanza Kenya alitangazwa Machi 13, 2020, chanjo za kwanza zikafika Machi 3, 2021, na Mei 5, 2023 Shirika la Afya likatangaza kwamba dharura ya dunia imekwisha. Watu wakasikia kana kwamba virusi vyenyewe vimekwisha. Havijaisha. Kwa kijana mwenye afya pengine ni mafua ya wiki moja, lakini kwa bibi mwenye sukari anayeishi nyumba moja na wajukuu sita, mimi sitaki kubahatisha.

Tukija kwenye kinachozuia chanjo kweli, ni kichache kuliko watu wanavyodhani. Cha kwanza ni kama dozi iliyopita ilikuletea mzio mkali: kuvimba uso au ulimi, kubanwa pumzi, kuzirai muda mfupi baada ya sindano. Cha pili ni mzio unaojulikana wa kitu kilichomo ndani yake, yaani polyethylene glycol kwa Pfizer na Moderna, au polysorbate 80 kwa zile zilizotumika zamani za AstraZeneca na Johnson & Johnson. Vitu hivyo vimo pia katika dawa nyingine, ndiyo maana tunakuuliza kama kuna dawa au sindano iliyowahi kukudhuru. Aleji ya kamba, pweza au mayai, ambayo naulizwa karibu kila siku, haizuii. Itaje tu. Aliyewahi kupata mzio mkali wa kitu chochote tunamkalisha dakika 30 badala ya 15, na adrenalini, dawa ya kuokoa mwenye mzio mkali, iko tayari mezani.

Ukiamka na homa siku hiyo, ahirisha. Njoo upimwe malaria kwanza, chanjo itasubiri. Mafua madogo hayazuii. Mjamzito anachanjwa, anayenyonyesha anachanjwa na anaendelea kunyonyesha kama kawaida. Ndani ya chanjo hizi hamna kirusi kinachoweza kukuambukiza Korona, kwa hiyo mtoto hapati ugonjwa kupitia maziwa.

Sasa safari, maana hapa Lamu mipango mingi huharibikia majini. Piga simu kwanza uulize kama chanjo ipo na ni ya aina gani. Kwa mfano, chupa moja ya AstraZeneca, kabla haijaacha kutolewa mwaka 2024, ilikuwa na dozi 10, na ikishafunguliwa ilitakiwa itumike ndani ya muda wa saa 6, kisha kilichobaki kilimwagwa. Muuguzi akikuambia usubiri watu waongezeke kabla hajafungua chupa, si dharau. Kinachofaa ni kujikusanya: majirani watano au sita wa Siyu au Kizingitini wakija pamoja, chupa inafunguliwa mara moja na hakuna anayekaa barazani mpaka alasiri.

Na muulizeni nahodha maji yatajaa saa ngapi, kwa sababu boti za Pate zinapita Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, maji yakiwa juu. Nimeona watu wakisimama dakika tano baada ya sindano, wanakimbilia gatini kwa kuwa boti inaondoka. Zile dakika 15 za kukaa ndizo muhimu kuliko zote siku hiyo, kwa sababu mzio mkali hutokea sana ndani ya muda huo, na katikati ya Mkanda hakuna adrenalini. Kama boti yako ni ya mchana, uwe umefika kwetu asubuhi. Msimu wa kusi, bahari ikichafuka, wazee na wajawazito wasilazimishe safari. Wasubiri itulie.

Siku yenyewe kula, kunywa maji ya kutosha, na meza dawa zako za presha au sukari kama siku zote. Wengine huziacha wakidhani zitagongana na chanjo. Hazigongani. Usimeze Panadol kabla kwa ajili ya kujikinga na maumivu, ngoja kama yatakuja. Akina mama, chini ya buibui vaeni nguo yenye mkono mpana unaopanda mpaka begani, kwa sababu sindano inadungwa juu ya mkono. Pazia lipo, na ukitaka nesi wa kike mwambie anayeandika majina mapema. Beba kitambulisho, na kadi ya chanjo kama ulishaanza. Ipige picha kwenye simu pia. Waliotaka kwenda Hija mwaka 2022 walidaiwa uthibitisho wa chanjo, na waliopoteza kadi wanajua taabu waliyoipata.

Kuhusu Ramadhani, Mufti Mkuu wa Saudi Arabia alisema mwaka 2021 kwamba chanjo hii haifunguzi, kwa kuwa si chakula wala kinywaji. Mwulize na imamu wako ili moyo utulie. Ushauri wangu wa kiuguzi ni huu: homa kwa kawaida hufika usiku au siku ya pili, na kufunga ukiwa na homa ni mzigo. Mwenye nafasi ya kuchanjwa kabla ya mwezi kuandama, au baada ya Idi, ajirahisishie.

Baadaye tarajia mkono kuuma, uchovu, kichwa, pengine homa na viungo kuuma, siku moja au mbili. Waliokuwa hapa mwaka 2004 wanakumbuka chikungunya, ilivyoangusha nyumba moja hadi nyingine mpaka watu wakashindwa kuteremka ngazi zao. Chanjo haifiki huko. Mtu mzima ameze paracetamol mbili za miligramu 500, asirudie mpaka upite muda wa saa sita tangu alipomeza, na zisizidi vidonge 8 kwa siku. Homa ikiendelea zaidi ya siku ya pili usiendelee kusema "ni sindano tu". Njoo upimwe malaria. Kinga yenyewe huchukua kama wiki mbili kujijenga, kwa hiyo barakoa kwenye chumba cha kusubiri bado ina kazi.

Kuna dalili chache, za nadra sana, ambazo hazingoji asubuhi: kukosa pumzi au uso kuvimba; maumivu ya kifua au moyo kupiga mbio, hasa kwa vijana wa kiume siku chache baada ya Pfizer au Moderna; na, zilipokuwa zikitolewa AstraZeneca au Johnson & Johnson, kichwa kikali kisichokoma, mguu kuvimba au tumbo kuuma mfululizo, kuanzia siku ya 4 hadi kama mwezi. Ukiona moja ya hizo, taja kwamba ulichanjwa, na lini.

Kwa wa kisiwa cha Pate nina ombi moja zaidi. Kabla hujaja, andika namba ya nahodha anayekubali kutoka usiku, mkubaliane naye bei ya mafuta mapema, na uibandike ukutani mahali ambapo hata mtoto ataiona.