Kwenda Mount Abu kutokea Mwanza: mambo ya kujua kabla hujakata tiketi

Ndugu zangu wa Mwanza mnaopeleka wagonjwa au watoto wa chuo kule Gujarat na Mumbai, India, msirudi hivi hivi, pandeni Mount Abu, mji wa milimani kule Rajasthan, na mtu aliyekulia kwenye mawe yetu atapapenda sana.

Visa ombeni onlaini kwenye tovuti ya serikali ya India yenyewe, msimpe dalali hela. Kama ndege inapita Nairobi, Entebbe au Addis Ababa beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na chanjo uwe umechoma siku 10 kabla, maana ukikutwa huna wanaweza kukuweka karantini hadi siku 6 na hapo safari imeshaharibika.

Toka Ahmedabad, kule Gujarat, panda treni mpaka Abu Road, tiketi kata mapema zinajaa, halafu basi au jipu kama kilometa 28 za kona tupu. Sweta ni lazima jamani! Mji uko mita 1,200 hivi, karibu sawa na Mwanza, ndo maana watu wetu wanadharau, lakini usiku wa Desemba na Januari baridi inakaribia sifuri.

Anza na Ziwa Nakki asubuhi, ni dogo, unalizunguka kwa miguu. Wahindu wanasimulia kwamba miungu walilichimba kwa kucha wakijificha na pepo mbaya. Juu yake kuna Jiwe la Chura, limejikunyata kabisa kama linataka kurukia maji, nakwambia utaikumbuka Bismarck, lile jiwe letu la ziwani Mwanza, papo hapo. Majivu ya Gandhi yalimwagwa humo 1948, na mengine yakaletwa Jinja, pale Nile inapotokea kwenye ziwa letu hili hili.

Hadithi kubwa ya mlima wenyewe ni Nandi, fahali wa Shiva, mungu wa Wahindu, aliyetumbukia korongoni nyoka Arbuda akamwokoa. Hekalu la mungu wa kike, Arbuda Devi, liko pangoni, ngazi 365, wazee wapande polepole na maji mkononi.

Mchana nenda kwenye mahekalu ya Dilwara. Haya ni ya Wajaini, watu wa dini nyingine ya India, sio Wahindu, la kwanza ni la 1031, na darini kuna ua la marumaru linaning'inia, petali zimechongwa nyembamba mpaka unaogopa kupumua. Wageni wanaingia kuanzia saa 6 mchana, viatu nje, kamera huingii nayo, na mkanda au pochi ya ngozi iache hotelini kabisa.