Mpe mtoto kadi ya picha kabla ya kuingia Kijiji cha Makumbusho

Ukimpeleka mtoto wa miaka 4 hadi 7 Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, penye nyumba za asili za makabila ya Tanzania, usimtembeze nyumba kwa nyumba ukimsomea vibao. Kata ubavu wa boksi la biskuti uwe kadi, chora vitu viwili vya kutafuta: msonge wa Wahaya, nyumba ya duara yenye paa la nyasi linaloteremka mpaka karibu na ardhi, na tembe la Wagogo, lenye paa bapa la udongo. Nafasi ya tatu iache wazi, akajaze mwenyewe kwa penseli atakachokipenda (mara nyingi huwa kuku au mjusi, mwache). Akipata kimoja, muulize swali moja tu: mvua ikinyesha hapa, maji yataelekea wapi? Umri huo maelezo hayakai kichwani, lakini kitu alichokitafuta mwenyewe hakisahau, na paa anaweza kulilinganisha na la kwao. Mkiingia ndani simameni kwanza mlangoni mhesabu hadi ishirini, macho yazoee giza. Baadhi ya watoto hulilia kutoka kwa sababu ya giza hilo tu. Nendeni asubuhi, na muda wa saa moja unatosha. Mbinu hii haifanyi kazi kwa mtoto chini ya miaka 3, wala kwa mwenye njaa. Ndugu wawili wape kila mmoja kadi yake, la sivyo mtaamua ugomvi. Ngoma zikianza kupigwa, weka kadi mfukoni, hutamrudisha.