Kuogelea Mtindo Huru Bila Kujikaza: Zamu Mbili za Mkono

Mwogeleaji anayeishiwa na pumzi baada ya mita 25 mara nyingi hudhani kuwa hana nguvu za kutosha, ilhali kosa lake huwa ni kuzitumia mahali pasipohitajika. Katika mtindo huru kila mkono una zamu mbili: zamu ya kazi, unapovuta maji, na zamu ya mapumziko, unaporudi mbele juu ya maji. Anayekaza misuli katika zamu zote mbili anafanana na mpiga kasia anayelisukuma kasia kwa nguvu zilezile hata likiwa hewani.

Kabla ya kurekebisha mikono, rekebisha pumzi. Uso ukiwa majini, toa hewa polepole puani na mdomoni bila kukatiza, ili unapogeuza kichwa ubaki na kazi moja tu ya kuvuta hewa. Anayebana pumzi hukaza shingo na kifua, na hapo mabega hayawezi kulegea hata akijitahidi vipi.

Mkono uingie majini mbele ya bega lake, ncha za vidole zikitangulia na kiganja kikitazama chini. Usiuvushe upande wa pili wa kichwa, wala usitangulize kidole gumba, kwa sababu mazoea hayo hulisokota bega na baada ya muda huweza kulitia maumivu.

Ugumu wenyewe uko kwenye kuyashika maji, na ni heri kutumia wiki nzima hapa kuliko kuparuza kila kitu kwa siku moja. Wengi, mkono ukishanyooka, huyakandamiza maji kuelekea chini. Kichwa huinuka, nyonga huzama, na mwili hausogei. Badala yake, acha kiwiko kibaki karibu na uso wa maji huku vidole vikiinama kuelekea sakafu ya bwawa, mpaka kiganja na kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo, kwa pamoja vitazame nyuma, kana kwamba unakumbatia pipa kubwa lililolala mbele yako. Hapo ndipo uanze kuvuta, taratibu kwanza, kisha kwa kasi zaidi kadiri mkono unavyokaribia paja. Ukiona mapovu mengi yakiufuata mkono, jua kwamba umeyapiga maji kofi na kuingia na hewa. Subiri kidogo yatoke kabla ya kuvuta.

Zoezi linalofundisha hisia hiyo haraka ni kuogelea mita 25 ukiwa umefunga ngumi. Mwanzoni utajiona unateleza tu bila kushika chochote, lakini baada ya mipigo kadhaa kigasha kitaanza kuhisi uzito wa maji. Ukifungua viganja katika mita 25 zinazofuata, utashangaa jinsi maji yanavyoshikika.

Mkono ukishapita nyonga, kazi yake imekwisha. Kiwiko kitoke kwanza, na sehemu iliyo chini yake ining'inie, vidole vikiwa vimeachana kidogo. Jipime kwa kuburuta ncha za vidole juu ya maji njia nzima: usipoweza, ama umekaza kifundo cha mkono, ama mwili umelala bapa. Kiwiliwili kisipojiviringisha upande hadi upande, bega hulazimika kuinua mkono peke yake, na hakuna ulegevu utakaopatikana. Alexander Popov wa Urusi, aliyeshinda mita 50 na mita 100 za mtindo huru katika Olimpiki za 1992 na 1996, alisifika kwa mipigo mirefu na laini, japo mbio hizo ni za kasi tupu.

Hesabu mipigo yako katika kila mita 25. Idadi ikipungua bila wewe kusitasita katikati ya mipigo, unaendelea vizuri. Ikianza kupanda ghafla, simama ukutani, pumzika hadi pumzi itulie, ndipo uondoke tena. Vibao vya kuvalia viganjani viache kwanza, maana huzidisha mzigo begani kabla kiwiko hakijajua mahali pake.