Kabla ya Kuikabidhi Mashine Ulinzi wa Fikra za Watu

Iwapo redio yenu ya jamii au chama chenu cha ushirika, hapa Arusha au kule Moshi, kinakusudia kutumia akili mnemba kubaini vita vya fikra, yaani kampeni zilizopangwa za kupotosha mawazo ya watu, andikeni kwanza mnachokilinda: bei ya kahawa, chanjo au uchaguzi wa viongozi. Someni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kabla ya kukusanya ujumbe wa mtu yeyote.

Msivutiwe na muuzaji anayejigamba kwamba programu yake hunasa wageni. Mitandao ya akaunti za upotoshaji ambayo Facebook iliiondoa mwezi Oktoba 2019, ikaihusisha na mfanyabiashara Mrusi Yevgeny Prigozhin, ililenga nchi 8 za Afrika, Msumbiji na Kongo zikiwamo, na sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na wenyeji wa nchi hizo hizo.

Jambo linalosahaulika, na ambalo kusahaulika kwake kumekwisha kuwaumiza watu, ni kuizoesha mashine namna watu wa huku wanavyoandikiana siku zote. Programu nyingi za aina hii huwinda uratibu, yaani akaunti nyingi zenye maneno yale yale kwa wakati mmoja. Taasisi moja, ambayo sitaitaja, iliwasha ya kwake mwezi Desemba, Wachaga wanapopanda nyumbani kwa Krismasi na kurasa za ukoo kujaa matangazo. Tangazo la msiba wa Kibosho, lenye saa ya mazishi na namba ya kutuma rambirambi, lilinakiliwa neno kwa neno na kina mama wa jumuiya ndani ya dakika chache, na mashine ikalihesabu kuwa shambulio. Ofisa wa zamu akatoa onyo kwamba namba ile ni ya matapeli. Michango ikakatika, na mweka hazina wa familia, mama wa makamo, akashinda siku za matanga akiwaonyesha waombolezaji miamala kwenye simu yake. Wakati huo huo, ujumbe wa sauti uliodai kwamba ushirika umefilisika, ulioletwa na wanachama wenyewe, ulilala bila kusikilizwa kwa kuwa programu ile ilisoma maandishi tu!

Kwa hiyo daini majaribio ya Kiswahili cha huku, pamoja na sauti, yapite misiba, harusi na sikukuu, na onyo lisitoke mpaka mtu ampigie simu mwenye namba.

Msitegemee pia kipimo cha kutambua maandishi ya mashine. OpenAI wenyewe, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, walikiondoa cha kwao Julai 2023 kwa sababu ya usahihi mdogo. WhatsApp nayo imefungwa kwa usimbaji, yaani ujumbe husomwa na mtumaji na mpokeaji tu, hivyo mtaona tu kile ambacho wanachama watawaletea. Wapeni namba ya kukiletea na mtu wa kuwajibu. Mnapokanusha, tangulizeni ukweli, wala msirudie uvumi kwenye kichwa cha habari. Nywila zisishikwe na kijana mmoja wa kompyuta, mkataba useme data inatunzwa wapi, na umeme ukikatika ijulikane ni nani anayeendelea kusoma kwa macho.