Mgombea Mnayeswali Naye Safu Moja: Namna ya Kumpima Kabla ya Agosti 2027

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni tarehe 10 Agosti 2027, na huku kwetu Likoni kofia za kiua zimeshaanza kuonekana. Mtu ambaye hatujamwona msikitini tangu uchaguzi uliopita sasa yuko safu ya mbele kila Ijumaa, na Jumapili utasikia yuko kanisani Mtongwe anapiga makofi na kwaya. Mimi ni Muislamu. Nimefundisha chekechea mpaka nikastaafu, na kina mama wa chama chetu bado wananiita mwalimu. Kila msimu wa siasa huniuliza lile lile: "Mwalimu, si tumpe mwenzetu tu?"

Ninavyoamini mimi ni hivi. Dini yako wewe mpiga kura ina haki kamili ya kuongoza kura yako, kwa sababu kura ni amana na utaulizwa. Lakini dini ya mgombea, peke yake, haikwambii atafanya nini akishaapishwa. Watu wengi wanayachanganya mambo haya mawili, na wanasiasa wanapenda tuendelee kuyachanganya. Hii ndiyo njia ninayoitumia kuyatenganisha.

Anza na kazi, mtu baadaye

Siku ya kura utapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake, na mwakilishi wadi, yule tunayemwita MCA. Chukua daftari, kila nafasi ipe ukurasa wake, kisha andika juu kazi yake ni nini kwa mujibu wa Katiba. Hapo hapo utaona maneno mengi ya kampeni yanaanguka yenyewe.

Chukua MCA wa Bofu au Timbwani. Kazi yake iko kwenye bunge la kaunti, na kaunti ndiyo yenye zahanati, chekechea, masoko, taka na maji ya mtaani. Akikuahidi kwamba atarekebisha feri, muulize kwa njia gani, maana feri ya Likoni iko chini ya Halmashauri ya Bandari, ambayo ni ya serikali ya kitaifa. Sasa jiulize: katika zahanati, taka na chekechea, dini inaingia wapi? Mimi nimetafuta na sijaona mahali.

Kwa ugavana wa Mombasa hesabu ni nyepesi zaidi. Mwaka 2022, kura ilipoahirishwa hadi tarehe 29 Agosti kwa sababu karatasi zilichapishwa na makosa, waliokuwa wakikabana koo ni Abdulswamad Nassir na Hassan Omar. Wote Waislamu. Aliyetaka kuchagua kati yao kwa dini hakuwa na cha kuchagulia, ilibidi arudi kwenye rekodi na sera kama watu wengine.

Mbunge, seneta na rais ni habari nyingine, kwa kuwa hao wanagusa sheria. Hapo dini inaweza kuingia kwa haki, na hapo ndipo hatua inayofuata inahitajika.

Geuza "mwenzetu" iwe swali

Mtu akisema anataka mwenzake, mara nyingi kuna jambo analiogopea au analitamani. Mwambie alitaje kwa jina. Kwa Muislamu wa Pwani yatakuja haya: mahakama ya kadhi, hijabu shuleni, usumbufu wa kupata kitambulisho. Kwa jirani Mkristo itakuja sheria ya utoaji mimba, au kanuni za kusajili makanisa. Hayo ni mambo halali kabisa ya kumpimia mgombea. Yaandike, kisha waulize wagombea wote maswali yale yale, wa dini yako na wasio wa dini yako, na uandike majibu yao neno kwa neno.

Kwa nini wote? Tazama mahakama ya kadhi. Ilikuwepo Pwani kabla ya uhuru, na mwaka 1963 Kenyatta na Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, walikubaliana kwamba italindwa. Ilipofika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, makanisa mengi makubwa yaliipinga Katiba mpya, na kadhi akiwa moja ya sababu. Walioongoza kampeni ya "Ndio" walikuwa Mwai Kibaki na Raila Odinga, Wakristo wote wawili. Katiba ikapita kwa asilimia 67 hivi, na kifungu cha 170 kikabaki: kadhi anasikiliza mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, pale tu pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda kwake. Aliyekuwa mbele katika upande wa "La" ni William Ruto. Mtu huyo huyo, akiwa rais, ndiye aliyetangaza kule Wajir mwezi Februari 2025 kwamba ule uhakiki wa ziada wa vitambulisho, ambao Waislamu wa kaskazini walikuwa wameulalamikia miaka na miaka, umeondolewa. Simpigii debe mtu hapa. Nasema kwamba ungewapanga hawa watatu kwa dini yao, ungewaweka kapu moja na usingejua lolote kati ya hayo.

Funika majina

Hatua hii naipenda kuliko zote, na ndiyo iliyobadilisha vikao vyetu. Tunakaa barazani kwa mmoja wetu Jumapili alasiri, mahamri na mbaazi katikati, Waislamu na Wakristo pamoja. Mimi huwa nimebandika ukutani karatasi kubwa tatu zilizoandikwa A, B na C. Chini ya kila herufi pana mambo mtu aliyoyafanya: alisomea nini, alisimamia mradi gani na ukaishaje, amewahi kushtakiwa kwa nini na kesi ikaamuliwa vipi, alipokuwa na ofisi alihudhuria vikao au hakuhudhuria. Jina hakuna, chama hakuna, kabila hakuna, dini hakuna.

Mara ya kwanza kufanya hivi, shangazi mmoja aliyekuwa ameapa hampi kura asiyeswali aliinuka, akasoma zote tatu taratibu kwa kidole, akasema B. Jirani yangu Mgiriama, mama wa kanisa, naye akasema B. Nilipotaja jina, shangazi akanigeukia: "Huyu si yule wa kanisa la kule juu?" Nikamwambia ndiye. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo nilitamani kulisikia miaka yote: "Na hiyo zahanati, ni kweli aliisimamia yeye, au wamemsingizia?" Jumatatu yake tukaenda watatu kuuliza pale pale zahanati.

Habari za kujaza karatasi hizo zipo, ila zinataka miguu. Aliyekuwa mbunge, maneno yake bungeni yamo kwenye Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, na Hansadi iko kwenye tovuti ya Bunge. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoa ripoti za kaunti na za fedha za NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo, kwa kila eneo bunge. Humo utakuta darasa lililolipiwa na halijajengwa. Iombe ofisi ya NG-CDF ikuonyeshe orodha ya waliopata basari. Wakikuzungusha, andika barua ukitaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inawapa siku 21 kujibu. Weka nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri watakwambia hawajaiona.

Nguvu na uaminifu

Sasa mtu wa dini ataniambia: mwalimu, umeitoa dini kabisa. Hapana, nimeirudisha mahali pake. Katika Surat Al-Qasas, aya ya 26, binti wa Madyan anamwambia babake amwajiri Musa, kwa kuwa mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Jirani yangu, nilipomsomea, akafungua Biblia yake kwenye Kutoka 18:21. Pale mkwe wa Musa, kuhani wa Midiani, anamshauri achague watu wenye uwezo, wanaomcha Mungu, wakweli, wanaochukia mali ya dhuluma. Tulitazamana. Musa yule yule, nchi ile ile ya Madyan, na vipimo vinaelekea upande mmoja.

Basi pima hivyo viwili. Nguvu ni uwezo wa kazi yenyewe: anaweza kusoma bajeti, anaweza kusimama bungeni akatetea hoja, anaijua wadi? Uaminifu unaonekana katika mali iliyowahi kupita mikononi mwake. Hata kama hajawahi kushika cheo, ameshika kitu: mweka hazina wa chama, katibu wa madrasa, msimamizi wa mirathi ya ndugu zake. Nenda ukaulize mayatima wa mirathi ile kama walipata haki yao. Kumcha Mungu kwake kutaonekana hapo, kuliko kwenye kipaza sauti cha msikiti.

Na Surat An-Nisaa, aya ya 135, inatuamuru tusimamie haki na tutoe ushahidi hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Mimi naisoma kura kama ushahidi: nimesema mbele ya Mungu kwamba fulani anafaa. Nikijua hafai na nikampa kwa sababu tunasali kibla kimoja, nimetoa ushahidi wa uongo.

Sadaka, futari na mabati

Mwezi wa Ramadhani malori ya unga, sukari na tende yatakuja, na makanisani itakuwa harambee ya mabati. Ukipewa chakula na una njaa, kula na watoto wako. Lakini siku hiyo hiyo andika kwenye daftari: fulani, tarehe fulani, alitoa kiasi kadhaa. Kisha jiulize kama mshahara wake unaweza kubeba utoaji huo. Kama hauwezi, fedha hizo zinatoka wapi?

Viongozi wa dini wenyewe wameanza kuuliza. Septemba 2021 kule Butere, Askofu Mkuu wa Kianglikana Jackson ole Sapit aliwazuia wanasiasa kuhutubia kutoka madhabahuni. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi, chini ya Askofu Mkuu Philip Anyolo, lilisema mamilioni ambayo rais alitoa kwenye parokia ya Soweto yarudishwe. Natamani misikiti yetu ifanye vivyo hivyo, na nimewaambia wazee wa msikiti wetu kwa heshima.

Wenye umri wangu hatuhitaji kufundishwa kwamba kuonekana ibadani si ushahidi wa tabia. Kila Jumapili jioni taarifa ya habari ilituonyesha Rais Moi akitoka kanisani, na miaka ile ile watu walikuwa wakiteswa ndani ya Nyayo House, jengo la serikali jijini Nairobi.

Ukisikia kuna mkataba, dai karatasi

Agosti 2007 Raila Odinga alitia saini makubaliano na jukwaa la viongozi wa Kiislamu, NAMLEF. Hayakutangazwa mapema. Ukimya ule ukazaa karatasi ya kughushi, ikazungushwa makanisani ikidai ameahidi kuleta sharia nchini. Yalipotolewa yenyewe hadharani baadaye, kampeni zilikuwa zimepamba moto na hofu imeshaingia mioyoni. Ilikuwa enzi ya fotokopi. Sasa kuna WhatsApp na sauti za kutengenezwa, na kazi hiyo ya wiki nzima inafanyika usiku mmoja.

Kwa hiyo: usisambaze kabla hujaona waraka wote, wenye saini za pande zote mbili. Ukurasa mmoja uliokatwa si waraka. Na mgombea anayefanya makubaliano na viongozi wako wa dini, mdai ayatoe hadharani mapema. Akikataa, hilo nalo liandike.

Ustadh au mchungaji akikutajia jina

Usibishane naye mbele ya watu. Mngoje watu watoke, msalimie, muulize: "Ustadh, umempima kwa lipi? Nami nikapime." Wengi watakujibu kwa wema, na wengine watagundua hapo hapo kwamba hawakupima. Lakini akikwambia usipompa fulani utapata laana au radhi itakutoka, hilo ni jambo jingine. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inahesabu vitisho vya madhara ya kiroho kuwa kosa, sawa na vitisho vya kupigwa. Mwambie hivyo kwa upole.

Kuna jambo moja ambalo silipuuzi, nalo ni hamu ya kuonekana. Jirani yangu amekaa Likoni tangu utotoni, na aliniambia anachoka kuona kila bango lina kofia na buibui, kana kwamba yeye ni mgeni. Yuko sahihi kuumia, kama Muislamu wa Kakamega anavyoumia. Dawa yake haiko kwenye karatasi ya gavana. Katiba, kifungu cha 177, inataka bunge la kaunti liwe na viti vya makundi yaliyotengwa, na vyama hupeleka orodha za majina kwa tume ya uchaguzi. Ikichapishwa ya kaunti yako, isome. Ukikuta orodha imejazwa mashemeji wa wakubwa, paza sauti kabla ya kura.

Baada ya yote haya huenda ukabaki na wawili walio sawa: wote wana uwezo, mali iliyopita mikononi mwao ilifika salama, na majibu yao kuhusu kadhi na vitambulisho yanalingana. Hapo ukimpa wa dini yako kwa sababu moyo umemwelekea, mimi sina neno. Ila katika kurasa zangu zote za daftari, hali hiyo sijaikuta bado.