Kubadilisha pampu ya mafuta, Mercedes 230E (W123)

Usikimbilie kununua pampu. Mwambie mtu apige stata, nawe pima umeme kwenye nyaya za pampu kwa taa. Hakuna umeme? Anza na fyuzi na relei, ile swichi ya umeme inayowasha pampu. Relei nyingi zimekufa kwa solda iliyopasuka tu.

Pampu iko chini ya gari, nyuma upande wa kulia, pamoja na filta. Injini ipoe, ondoa hasi ya betri, gari likae juu ya stendi, si jeki peke yake. Na sigara iende nyumba ya jirani.

Fungua kifuniko cha tangi, kisha legeza kiungo cha filta taratibu ukiwa umekifunika kitambaa. Presha yake ni kama baa 5, itakurukia machoni. Bana mpira unaotoka tangini, ndipo ufungue pampu. Weka washa mpya za shaba, za zamani hazibani tena. Mpira ukiwa na nyufa, badilisha, uwe wa kustahimili petroli.

Pampu ya gari la kabureta usiinunue, hata fundi akiapa. Haifikishi hata baa 1.

Washa, kagua viungo kwa tochi.